Difu Iliyolia

Melkizedek alilisikia gari kabla hajaliona, na kabla halijasimama alikuwa ameshalipangia ugonjwa.

"Landrova," alisema, akiweka kikombe chake mezani. "Ya mama Nanyokie. Inatoka uwanja wa mnada, gia ya pili."

"Nayo ni nzima kabisa," alijibu Margareth, mwenye mgahawa, bila kuinua macho kutoka kwenye maandazi yake. "Kwa sasa."

Melkizedek alijifanya hakusikia yale maneno mawili ya mwisho. Alivuta koti lake, akajipapasa mfuko wa kushoto, akatoka nje kwenda kumpokea mgonjwa.

Ilikuwa Jumatatu ya mnada, Karatu, mwaka wa themanini na mbili. Ndio ule mwaka ambao mche wa sabuni ulikuwa zawadi ya kupeleka ukweni, mpaka wa Namanga umefungwa, watalii wamekuwa wa kuhesabu, na spea za magari zinasimuliwa tu. Mwenye seti kamili ya spana aliheshimiwa karibu sawa na mchungaji. Melkizedek alikuwa na seti kamili, ndani ya sanduku jekundu la bati aliloondoka nalo Arusha siku kampuni moja ya kubeba watalii ilipofunga milango. Hakuna aliyewahi kumwuliza habari za sanduku lile, naye hakuona sababu ya kuanzisha mazungumzo.

Walimwita Daktari. Jina hilo alijipa mwenyewe, kisha akawa analikataa mbele za watu mpaka likamganda.

Ujanja wake ulikuwa mdogo, na ndiyo maana ulidumu. Chini ya boneti ya gari la petroli la siku zile palikuwa na kibomba chembamba kilichotoka kwenye kabureta kwenda kwenye distributa, na mwisho wake uliungwa kwa kimpira chenye urefu wa kiungo kimoja cha kidole. Kwa njia hiyo distributa ilipata pumzi, ikajua kuwahisha cheche pale dereva anapokanyaga mafuta taratibu. Ukikitoa kimpira hicho, gari haliharibiki. Linawaka vizuri, linanguruma vizuri likiwa limesimama, na ukikanyaga mafuta mpaka chini linakwenda bila neno. Ila ukikanyaga kidogo tu, kistaarabu, kama mtu anayejali mafuta yake, linasita. Linajivuta, linajikwaa, linafikiri, halafu ndiyo linakwenda. Fundi wa kawaida atasafisha plagi, atapangusa pointi, ataipuliza kabureta mpaka mashavu yamuume, na gari litaendelea kusita. Melkizedek alijua mara moja kimpira kilipo, kwa sababu kilikuwa mfukoni mwake.

Na safari hii alikuwa na haja kubwa. Margareth alikuwa mjane wa Marangu, mwenye mgahawa uliosifiwa kuanzia Mto wa Mbu mpaka Loliondo, na Melkizedek alikuwa amemchumbia kwa miaka miwili kwa maneno matupu. Juma lililopita mama yule aliyachoka maneno.

"Sitaki kitenge, sitaki hadithi," alimwambia. "Nataka ng'ombe wa maziwa, amesimama uani kwangu, anakamuliwa. Jumapili ya juma lijalo mchungaji anaanza kutangaza ndoa za Pasaka. Nikiona maziwa kwenye sufuria, nitampa jina lako. Nisipoyaona, nitampa la Eliamani."

Eliamani alikuwa karani wa duka la ushirika: mtu mpole, tena asiyekosa sukari nyumbani. Mwaka ule sifa ya pili ilitisha kuliko ya kwanza. Na Melkizedek alimpenda Margareth kweli. Hili lisemwe wazi, kwa kuwa mengi ya yale aliyoyatamka maishani mwake hayakuwa na afya nzuri namna hiyo.

Landrova ikasimama. Aliyeshuka kwanza ni Nanyokie, mama wa Kimasai wa makamo kutoka Nainokanoka, mjane wa mfanyabiashara wa ng'ombe. Marehemu alimwachia mifugo, watoto waliokwisha kuoa, na gari hilo. Nyuma ya usukani alikuwa Hhando, dereva wake Mwiraqw, mwanamume mrefu asiyependa kuongea. Kwa Melkizedek, hawa walikuwa wateja wa dhahabu. Alikuwa amelitibu gari lao mara mbili. Mara ya kwanza walimlipa beberu, mara ya pili kondoo mwenye mkia wa kutikisika, na wote wawili walishaliwa.

"Takwenya, yeyo!" alimwamkia kwa Kimasai, kama mtu anavyomwamkia mama yake.

"Iko," alijibu Nanyokie, akaingia ndani na kumkabidhi Margareth kibuyu cha maziwa kama alivyofanya kila mnada.

"Hhando, ndugu yangu," alisema Melkizedek, "hiyo rejeta ina kiu. Nenda kanywe chai, mimi nitainywesha."

Hhando alimtazama kidogo, akashukuru, akaenda kunywa chai. Melkizedek akafungua boneti. Mkono wa kulia ukamimina maji, wa kushoto ukafanya kazi yake. Yote hayo yalichukua muda wa kusema Baba Yetu, ukiruka sehemu ya makosa.

Haikupita nusu saa tangu waondoke kuelekea Ganako, Landrova ikarudi, ikipiga hatua na kusita. Watu wa mnada hawakuhitaji kualikwa. Walipofika kumi, Melkizedek alisimama. Walipofika ishirini, akatoka.

"Imeanza wapi?" aliuliza.

"Pale tambarare," alisema Hhando kwa uso wa msiba uliomfurahisha Daktari. "Nikikanyaga mafuta kidogo inasita. Nikikanyaga sana inakwenda."

Melkizedek alichukua bisibisi ndefu, ncha akaiweka juu ya injini, mpini akauweka sikioni. "Nyamazeni," aliwaambia watu. Walinyamaza, hata muuza tumbaku. Alisikiliza juu, akasikiliza ubavuni, akatikisa kichwa, kisha akaagiza injini izimwe kwa sauti ya mtu anayefunika maiti.

"Baridi yabisi," alisema.

"Ya gari?" aliuliza mmoja.

"Gari hii inalala Nainokanoka kwenye ukungu, asubuhi inashuka Karatu kwenye joto. Viungo vinakakamaa. Mwenye baridi yabisi anaweza kukimbia? Akifukuzwa na nyati anakimbia! Ndiyo maana ukiikanyaga sana inakwenda. Lakini mwambie atembee taratibu uone. Kila hatua anasita, viungo vinamuuma."

Watu waliangaliana. Hoja ilikuwa haina pa kupenya. Na katika ukimya huo, kutoka nyuma ya Landrova, chini ya turubai, ikatoka sauti nzito, ya huzuni: "Mmm."

Kila mtu aligeuka. Nanyokie aliangalia mawingu. Hhando alishikwa na kikohozi.

Daktari wa kweli hakosi jibu. "Mmesikia?" alisema Melkizedek, kidole juu. "Ugonjwa umeshafika nyuma. Hiyo ni difu, ile inayozungusha magurudumu ya nyuma. Difu ikikauka oili hulia vivyo hivyo."

"Lakini gari imezimwa," alisema muuza tumbaku.

"Ndiyo maana inatisha. Difu ikilia gari linatembea, hiyo kawaida. Ikilia limesimama, ujue hali ni mbaya." Akaliendea turubai, akalipiga kofi dogo la kufariji. "Tulia, tulia. Ukifika nyumbani utapewa oili."

Difu ikatulia. Watu wakavutiwa sana, na Hhando ikabidi aende nyuma ya mgahawa kumalizia kikohozi chake.

"Na safari hii wataka nini?" aliuliza Nanyokie. "Beberu sina."

"Ng'ombe, yeyo. Wa maziwa."

Watu walipiga mluzi. Nanyokie hakubadilika uso. "Ng'ombe ni mkubwa kuliko baridi yabisi," alisema.

Walivutana. Melkizedek akaongeza redio yake ya betri nne, na betri zake ndani, kitu ambacho mwaka ule kilikuwa sadaka. Nanyokie akataka kuisikia. Ikawashwa, ikatoa taarifa ya habari, naye akaisikiliza kwa makini mpaka hali ya hewa.

"Ninaye mmoja pale mnadani," alisema mwishowe. "Twende ukamwone."

Ng'ombe alikuwa mweusi mwenye madoa meupe, ameshikwa kamba na Saruni, shemeji yake Nanyokie, na kando yao kibuyu cha maziwa ya asubuhi bado kina povu. Melkizedek alimkagua kwa kiburi cha mtu aliyezaliwa Machame, kwenye nyumba ambamo ng'ombe na watu hulala chini ya paa moja. Alitazama meno, akatazama macho, akahesabu chuchu. Aliuliza amezaa mara ngapi. Mara tatu. Aliuliza kama anapiga teke. Hapigi. Alipata kuugua? Hapana. Maziwa haya ni yake, ya leo? Ni yake, ya leo.

"Umemaliza kuuliza?" alisema Nanyokie.

"Nimemaliza."

"Mimi ukiuliza nakujibu. Usipouliza sina neno."

"Hiyo ndiyo biashara ya haki, yeyo," alisema Melkizedek, akapokea kamba.

Akarudi, akaifunika injini blanketi, akainama chini yake, akanong'ona maneno fulani ya Kimachame ambayo kwa kweli yalikuwa majina ya shangazi zake, akakirudisha kimpira. Hhando akajaribu gari. Likaenda taratibu, laini, bila kusita. Watu wakapiga makofi, na Landrova ikapanda zake kuelekea Ngorongoro na turubai lake.

Uani kwa Margareth, Melkizedek alijikwaa kwenye kigingi kidogo kilichopigwa hatua chache kutoka kikubwa, akatukana.

"Hiki ni cha nini?"

"Wewe mfunge ng'ombe kwenye kikubwa," alisema Margareth.

Jioni alichuchumaa na ndoo. Aliziosha chuchu kwa maji ya moto, akaimba wimbo wa mama yake, akavuta. Ng'ombe akageuza shingo, akamtazama, akabana. Hayakutoka maziwa hata ya kutia rangi kikombe kimoja cha chai. Alivuta tena, na mnyama asiyepiga teke akaipeleka ndoo mpaka kwenye ua wa jirani.

Jumanne ikawa vivyo hivyo, na Jumatano pia. Alimpa majani ya migomba, akampa magadi, akamkanda kiwele kwa samli. Kwa kukata tamaa alimwekea bisibisi ubavuni akasikiliza, na akasikia tumbo la ng'ombe aliyeshiba vizuri. Kila asubuhi Margareth alipita na sufuria tupu, akaitazama, akamtazama yeye, akaenda zake. Melkizedek angeona heri matusi.

Alhamisi majirani walikuwa wamejaa ukutani. Bernadina, mshona nguo wa nyumba ya pili, ndiye aliyeshindwa kujizuia.

"Daktari, na ndama?"

"Ndama gani?"

Ukuta mzima ulicheka. Bernadina alifuta machozi. "Huyu si ng'ombe wa kwenu wa bandani, anayekamuliwa na yeyote. Hawa wa huku hawaachii maziwa mpaka ndama aguse kwanza. Ndama akinyonya kidogo, mama anaachilia. Ukimwondoa ndama, amebana. Utavuta mpaka Krismasi."

"Kwa nini hamkuniambia tangu Jumatatu?"

"Wewe ni daktari," alisema dereva mmoja wa lori ambaye lori lake lilikwishaugua baridi yabisi mara tatu. "Tulidhani unajua."

Melkizedek alikaa juu ya ndoo. Mashine nzima haina kasoro. Inasimama vizuri, inanguruma vizuri. Kitu kimoja kidogo kimetolewa, na ukiigusa taratibu haitaki. Kwa muda alisahau hasira, akamsifu moyoni aliyefanya kazi safi namna ile. Kisha akakumbuka kwamba zimebaki siku tatu kufika Jumapili, akamkumbuka Eliamani na sukari yake.

Ijumaa asubuhi, kama vile kuna mtu aliyempigia kengele, Landrova ikasimama mbele ya mgahawa.

"Napanda juu," alisema Hhando. "Unakuja?"

Melkizedek aliingia, sanduku jekundu mapajani, maana hakuwahi kwenda popote bila hilo. Walipita lango la Lodoare, wakapanda msituni, wakafika ukingoni mwa kreta. Ukungu ulikuwa umelijaza shimo lote. Barabara ilipolala tambarare, Hhando akakanyaga mafuta kidogo. Gari likasita.

Akakanyaga tena kidogo. Likasita tena, likajikwaa, likafikiri.

"Daktari," alisema Hhando, "baridi yabisi?"

Melkizedek alishuka, akafungua boneti. Kibomba kilikuwa kinaning'inia na kimpira hakipo. Alimtazama Hhando. Hhando alikuwa amesimama kando, mikono mfukoni, akiutazama ukungu na kupiga mluzi wa tenzi za kanisani. Melkizedek akaingiza mkono kwenye mfuko wake wa kushoto, akatoa kimpira kimoja kati ya vilivyokuwamo, akakipachika, akafunga boneti.

"Umemaliza?" alishangaa Hhando. "Hata blanketi?"

"Leo si lazima."

"Tutakulipa nini?"

"Leo bure."

"Asante sana," alisema Hhando, na hayo ndiyo maneno matamu kuliko yote aliyowahi kumwambia Melkizedek. Walikwenda njia iliyobaki bila kusita na bila mazungumzo.

Nainokanoka kulikuwa na baridi ya kuuma masikio. Ile redio yake ilikuwa imetundikwa mlangoni mwa nyumba, inaimba. Melkizedek alitaka kueleza shida yake hapo hapo, lakini huko mtu haropoki tu. Alikalishwa kigodani. Akapewa maziwa, akanywa. Akaulizwa habari za Karatu, za mvua, za mahindi ya Ganako, za afya ya Margareth, na kila moja aliijibu, huku siku inakwenda na Jumapili inakaribia. Wanawake wa boma, Nosim na Naipanoi, walikuwa wameketi karibu wakitunga shanga ambazo haziongezeki.

"Na ng'ombe?" aliuliza Nanyokie hatimaye.

"Anasita, yeyo."

"Ah. Anasita vipi?"

"Ukimvuta taratibu, hatoi."

Nanyokie alichukua fimbo ya marehemu mumewe, ncha akaiweka juu ya goti la Melkizedek, kichwa cha fimbo akakiweka sikioni.

"Nyamazeni," aliwaambia wanawake. Akasikiliza sana. "Baridi yabisi," alisema. "Huyo ng'ombe alilala Nainokanoka kwenye ukungu, akashuka Karatu kwenye joto."

Nosim alianguka ubavu kwa kicheko. Naipanoi alimwaga shanga zote.

Melkizedek aliinamisha kichwa. "Dawa ipo?"

"Ipo. Ina spea moja, lakini ya shida sana siku hizi."

Spea ikaletwa ikivutwa sikio: ndama mweusi mwenye madoa meupe, amenenepa kwa kunyonyeshwa na ng'ombe mwingine wa boma. Ndama alimtazama Melkizedek, akamtambua, akafungua mdomo.

"Mmm."

Sauti ile aliijua. Alikuwa ameipigia kofi la kufariji mbele ya watu zaidi ya ishirini.

"Difu," alisema kwa sauti ndogo.

"Difu," alikubali Nanyokie. "Uliisikia mwenyewe, ukaiahidi oili. Sikukudanganya, Daktari. Kila ulichouliza nilikujibu."

"Unataka nini?"

Nanyokie alielekeza fimbo kwenye sanduku jekundu.

Melkizedek alilikumbatia. Ndani yake mlikuwa na spana zote, bisibisi zote, miaka kumi na minne ya kuitwa fundi na minne ya kuitwa Daktari. Bila lile sanduku yeye ni mtu wa Machame mwenye koti. Akilini alimwona Margareth mezani kwa Eliamani, akikoroga chai ya sukari ya ushirika. Akaliweka sanduku chini. Hhando akaliokota taratibu, kwa mikono miwili, akalifungua, akaanza kuzipanga spana kwa ukubwa. Na hili pia lisemwe: Melkizedek alilia kidogo, akasingizia moshi, na ingawa hapakuwa na moto, hakuna aliyembishia.

Jumamosi alishuka na ndama nyuma ya Landrova. Getini Lodoare askari alidai kibali cha mifugo, Hhando akakitoa mfukoni, kimekunjwa na kuchakaa. Askari alikisoma, akakipitisha dirishani, na Melkizedek akakisoma pia. Ng'ombe mmoja na ndama wake, kutoka Nainokanoka kwenda Karatu, kwa Bibi Margareth wa mgahawani. Tarehe ilikuwa ya Jumamosi iliyopita. Jumamosi iliyopita Landrova ilikuwa bado haijaja mnadani, na kimpira chake kilikuwa bado kipo mahali pake.

Alikisoma tena mpaka wakafika Karatu.

Margareth alikuwa uani, ndoo mkononi. Alimpokea ndama, akampeleka kwa mama yake. Ndama akanyonya mara tatu, nne, na ng'ombe akashusha pumzi. Kisha Margareth akamvuta ndama pembeni na kumfunga kwenye kile kigingi kidogo, ambacho kamba yake ilikuwa inamtosha shingoni kabisa. Akachuchumaa, na maziwa yakaanza kupiga ndoo.

"Ulijua," alisema Melkizedek.

"Mwezi jana nilifua koti lako," alisema Margareth bila kugeuka. "Nilikuta vimpira saba. Nikamwuliza Hhando ni vya nini, akamtafuta mtu wa Arusha anayejua. Wateja wangu saba, Melkizedek. Wanakuja kwangu kunywa chai wazima, wanaondoka wagonjwa. Watu walishaanza kusema chai yangu ina mkosi. Huu mgahawa ndio ulionilelea watoto."

Melkizedek alijipapasa mfuko wa kushoto, akautoa mkono upesi.

"Mama Nanyokie alitaka spana," aliendelea Margareth, "maana Hhando anatengeneza gari kwa mawe. Mimi nilitaka ng'ombe."

"Na mimi katika biashara hiyo nilikuwa nani?"

"Wewe ndiye uliyelipa." Aliinuka, ndoo imejaa. Macho yake yalikuwa yanacheka, lakini si sana. "Ulipoweka sanduku chini ulilia, Hhando kanidokeza mlipofika. Nani alikulazimisha? Ungeweza kuondoka nalo. Lete koti, limechafuka na ndama."

Jumapili kanisa lilijaa. Melkizedek alikaa mstari wa pili ndani ya koti safi, kando ya Margareth. Mchungaji alichelewa. Hatimaye Pijo yake ikasikika barabarani, inajivuta, inajikwaa, inasita, na masikio ya Melkizedek yakawaka moto. Jumanne, kabla ya mambo ya ndama kujulikana, alikuwa amekitoa kimpira cha Pijo ile kama akiba ya gharama za harusi. Kilikuwa mfukoni bado. Ingetosha atoke dakika moja tu, akirudishe, aingie tena. Polepole akapeleka mkono kwenye mfuko wa kushoto.

Vidole viligonga uzi. Mfuko ulikuwa umeshonwa, mshono wa Bernadina, imara. Akajaribu wa kulia. Nao ulikuwa umeshonwa.

"Vimpira vyote nimempa Hhando," alinong'ona Margareth, macho kwenye kitabu cha tenzi. "Yuko nje."

Boneti ililia, ikafungwa. Injini ikawashwa, mtu akakanyaga mafuta kidogo, kistaarabu, na sauti ikapanda laini bila kusita. Mchungaji akaingia akiwa amefurahi, akafungua daftari, akasoma: Melkizedek wa Machame na Margareth wa Marangu, tangazo la kwanza.

"Kama kuna mwenye pingamizi," alisema, "aseme sasa."

Melkizedek aligeuza macho bila kugeuza kichwa. Dereva wa lori alikuwepo. Muuza tumbaku alikuwepo. Nusu ya viti ilikaliwa na wagonjwa wake wa zamani, na kila mmoja alikuwa amemkazia macho kisogoni. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe aliomba kwa moyo wote, bila kuruka sehemu ya makosa.

Kutoka viti vya nyuma ikatoka sauti nzito, ya huzuni: "Mmm."

"Hiyo ni difu, mchungaji," alisema mtu mwingine. "Inataka oili tu. Endelea."

Kanisa lilipasuka kwa kicheko, kuanzia kwaya mpaka mlangoni, na Margareth akacheka mpaka akamshika mkono ili asianguke. Mchungaji alisubiri, hakuelewa, akaandika kwamba hakuna pingamizi.